UFAGIO NDIO MAMA WA VUMBI

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Najua wengi wenu Gotu mmeipita tu mkiwa ndani ya gari la Merti. Mkaliona daraja, mkaiona Ewaso Ng'iro ikiyakimbilia maporomoko, kisha mkafunga madirisha haraka haraka. Kwa nini mlifunga? Si kwa sababu ya vumbi? Ninyi mlifunga mkaendelea na safari yenu. Sisi tulibaki nalo.

Nimeyasoma magazeti ya chama chetu ya miaka iliyopita. Yameandikwa mengi juu ya ukimwi, wizi wa mifugo, elimu ya mtoto wa kike na dawa za kulevya. Hayo ni mambo mazito na sina la kuyapinga. Lakini sijaona hata ukurasa mmoja juu ya vumbi, ilhali haipiti siku bila sisi watu wa Isiolo kulila, kulinywa na kulilalia. Basi leo naligusia. Na nitasema neno ambalo huenda mwalimu wa zamu asilipende: vumbi jingi la majumbani mwetu hatuletewi na upepo. Twalitengeneza wenyewe, asubuhi na mapema, kwa ufagio.

Ngoja kwanza, usicheke.

Mama yangu ni mtu wa usafi. Kule kwetu akitajwa mwanamke ambaye nyumba yake haina takataka, atatajwa yeye. Hufagia alfajiri, hufagia adhuhuri baada ya wana-mbuzi kuingia na kutoka, hufagia tena jioni. Nyumba yetu ni ya miti na udongo, paa ni mabati, sakafu ni udongo mtupu. Likizo ya Aprili ndugu yangu mdogo, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajatimiza, alianza kukohoa usiku. Kifua kikawa kinalia kama paka. Akko, yaani nyanya yangu, akasema ni baridi. Tukampaka mafuta, tukamfunika gubigubi. Wapi! Siku ya nne mama akamfunga mgongoni kwa leso akampeleka zahanati, nami nikafuata nyuma.

Muuguzi alimpima, akampa dawa, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama, nyumba unafagia mara ngapi?"

Mama akajibu kwa fahari, "Mara tatu kwa siku, dada."

"Na mtoto huwa wapi ukifagia?"

Mama akanyamaza. Mimi nilijua jibu. Mtoto huwa pale pale, amekaa mkekani, ufagio unamzunguka kama vile yeye ni kigoda. Muuguzi hakumgombeza wala hakumwambia kwamba vumbi ndilo lililomleta mtoto pale. Alisema tu kwamba kifua cha namna ile hakitaki vumbi, kwa hiyo mama awe analowesha ufagio, na mtoto atolewe nje kwanza. Njia nzima mama hakutamka neno. Akko ndiye aliyesema, tulipofika nyumbani na kumweleza. Alisema, "Maji ya kulowesha ufagio atayateka nani? Huyo muuguzi?"

Na hapo, msomaji, ndipo penye kiini cha mambo. Vitabu vya sayansi-kimu husema nyunyiza maji kisha ufagie. Ni rahisi kuandika hivyo ukiwa na mfereji jikoni. Kwetu mtungi wa lita 20 unatoka mtoni mgongoni mwa mtu, na mtu huyo aghalabu ni msichana. Mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo huku kaskazini mwa Kenya. Nani angethubutu kumwaga maji sakafuni? Angepigwa!

Kabla sijamjibu akko, hebu turudi darasani kidogo. Milimita moja ukiigawa mara elfu moja unapata mikromita moja. Unywele wa kichwa chako una unene wa kama mikromita 70. Chembe za mchanga, zile zinazokwaruza meno ukila ugali, ni kubwa. Hizo huanguka upesi, na zikijaribu kuingia mwilini pua huzikamata. Taabu ni zile zisizozidi mikromita 10, kwa sababu hupenya zikapita pua na koo. Na zilizo chini ya mikromita 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Huwezi kuiona moja peke yake. Utaziona zikiwa kundi, pale mwale wa jua unapopenya tundu la bati na wewe ukaona kitu kama moshi kinacheza.

Sasa sikiliza ajabu yake. Chembe ya mikromita 10 ikirushwa hadi usawa wa kifua cha mtu mzima, huchukua kama dakika tatu kurudi chini hewa ikiwa imetulia. Ya mikromita 2 huweza kuelea zaidi ya saa nzima. Piga hesabu mwenyewe. Mama anafagia saa kumi na mbili asubuhi, chai inamiminwa saa kumi na mbili na nusu. Sakafu inang'aa, kila mtu anasema mashallah, na lile vumbi lililokuwa limelala chini salama bila kumdhuru mtu sasa liko hewani, linashuka polepole ndani ya vikombe, juu ya maziwa, na ndani ya kifua cha mtoto. Usafi wa namna gani huo? Tumelihamisha vumbi kutoka sakafuni, ambako halina ubaya, tukalipeleka puani.

Mimi sikuridhika na maneno matupu. Nilichukua sahani mbili za bati, nikazipaka mafuta ya kupikia kidogo kwa kidole, nikaweka moja juu ya sanduku la nguo. Mama akafagia kama kawaida yake. Baada ya saa moja nikapitisha kidole: mafuta yalikuwa yamekuwa tope, nikachora jina langu juu ya sahani. Kesho yake nikaweka sahani ya pili mahali pale pale. Safari hii sikunyunyiza sakafu. Nilimimina nusu kikombe cha maji ndani ya karai, nikachovya ncha za ufagio, nikaukung'uta, nikafagia polepole bila kuunyanyua juu, nikichovya tena ukikauka. Nusu kikombe kilitosha chumba kizima. Ile sahani ya pili haikuwa safi, siwezi kudanganya, lakini jina langu halikuandikika.

Kwa hiyo jibu la akko ni hili: si mtungi, ni nusu kikombe. Na hiyo nusu kikombe si lazima iwe ya maji ya kunywa. Maji yaliyosuuzia vyombo yapo. Maji ya kutawadhia, ukikinga karai chini badala ya kuyaacha yamwagike, yapo mara tano kwa siku. Maji yaliyooshea mtoto uso yapo. Twayamwaga nje ya mlango kwa mkupuo mmoja, yakatengeneza kitope cha nzi, halafu twasema hatuna maji ya vumbi.

Nikiwa hapo kwenye uso wa mtoto niseme jambo moja, maana vumbi na macho ni jirani. Ule ugonjwa wa trakoma, unaogeuza kope mpaka nywele za kope zikaanza kukwaruza mboni na mwisho kumpofusha mtu, bado unasumbua wilaya nyingi kavu za Afrika Mashariki. Nzi huufuata uso wenye matongo na vumbi. Kule Kongwa, katika mkoa wa Dodoma nchini Tanzania, wataalamu walifanya utafiti vijijini na kuuchapisha mwaka 1995. Waliona kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumishwa safi walipungukiwa na ule ugonjwa mkali. Kongwa ni nchi kavu kama hii yetu, na maji ni ya kubeba vilevile. Nawe jaribu: maji ya kujaza viganja vyako viwili yanamtosha mtoto mmoja.

Basi hayo ni ya ndani. Tutoke uani, maana huko ndiko nitakakogombana na watu.

Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba ua safi ni ua usio na hata jani moja la nyasi. Kila boma utakaloingia utakuta ardhi imechapwa ufagio mpaka imekuwa kama upara. Na shule yetu nayo, je? Saa kumi na mbili na robo kengele inalia, tunagawiwa sehemu, kila mmoja ufagio wa njiti mkononi, na kwa dakika thelathini tunachapa ardhi isiyo na kosa. Ukisimama langoni huoni bweni. Viranja wanapiga kelele, "Vumbi hilo! Fagia vizuri!" Kumbe kadiri tunavyofagia vizuri ndivyo linavyozidi. Halafu tunaingia darasani, madirisha wazi, tunaanza kupiga chafya na kufuta madawati kwa mikono ya sweta. Kuna mwenzetu mwenye pumu ambaye kwa muhula mzima alikuwa akiomba ruhusa saa hiyo akajificha jikoni. Aliandikwa jina mara mbili kwa kutoroka usafi. Kutoroka usafi!

Ardhi yetu ikinyeshewa hufanya gamba jembamba juu, kama ukoko wa wali. Gamba hilo ndilo linaloshika chembe ndogo. Kwato hulivunja, magurudumu hulivunja, na ufagio hulikwangua kila siku kabla halijapata kukaza. Nyasi nazo zikiachwa, hata zile fupi zilizokauka, mizizi yake hushika udongo na majani yake huukata upepo chini kwa chini. Ukiondoa vyote viwili umefungua gunia la unga ukaliweka mbele ya feni.

Wamarekani walilijua hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1930 wakulima wa nyanda zao za kati walikuwa wamelima na kung'oa nyasi za eneo kubwa mno, kisha ukame ukaja. Tarehe 14 Aprili 1935, siku ya Jumapili, lilikuja wingu la vumbi lililogeuza mchana kuwa usiku, na mpaka leo huiita Jumapili Nyeusi. Watu walining'iniza shuka mbichi madirishani na bado vumbi liliingia. Mwaka huo huo serikali yao ilitunga sheria ya kuhifadhi udongo, na mamilioni ya miti yakapandwa kwa safu ili kukinga upepo. Waliona kwamba shuka mbichi dirishani ni kazi bure ikiwa ardhi nje iko uchi.

Sasa najua mtakavyonijibu, kwa sababu akko alishanijibu. "Nyasi zikiachwa karibu na nyumba, nyoka atalala wapi? Na nge?" Hoja hiyo ni ya kweli na siibezi. Watu wa kale hawakufagia ua kwa ujinga. Ardhi tupu inakuonyesha nyoka kabla hujamkanyaga, na alama zake utaziona asubuhi. Lakini kwa ajili hiyo hatuhitaji kufagia mpaka uzioni. Hatua tano au sita kuzunguka nyumba zatosha. Na hizo hatua tano tuzimwagie changarawe ya laga. Changarawe ni nzito, hairuki, nyoka huonekana juu yake vizuri tu, na takataka waweza kuziokota kwa mkono au kwa reki bila kuchokoza udongo. Laga ziko kila upande na changarawe haiuzwi. Ni toroli na mabega ya vijana tu. Sisi wavulana ambao likizo nzima tunashinda chini ya mti tukicheza karata, hii ndiyo kazi yetu. Si lazima kila jambo la nyumba liwe la mama na dada.

Kuna vumbi jingine ambalo ufagio hauna hatia nalo. Mojawapo ni la zizi. Samadi kavu ya mbuzi ikikanyagwa jioni huwa unga mwepesi kuliko udongo, na wenzangu wa bweni wanaotoka upande wa Meru hawajui jinsi unavyowasha koo. Huku kwetu miezi mingi upepo hutoka mashariki na kusini-mashariki. Zizi likiwekwa mashariki ya nyumba, kila jioni mnavuta samadi. Likiwekwa magharibi, upepo unaipeleka mbali nanyi. Jambo hili wala si elimu mpya. Jirani zetu Wagabra wa Marsabit hupanga hema zao milango ikitazama magharibi, upepo wa mashariki ukakutana na mgongo wa nyumba. Walihama na ngamia karne na karne bila daftari la jiografia, na mlango waliujua uelekee wapi. Sisi tuliojenga mabati tunaelekeza mlango barabarani ili tuone magari. Basi tunayaona, na vumbi lake tunalikaribisha sebuleni.

Barabara yenyewe sitaisemea sana. Lami ilifika Moyale katika miaka ya 2010, na wenzetu walio kando ya barabara ile wanapumua. Hii yetu ya kwenda Merti bado ni ya udongo, na lori la mifugo likipita kwa kasi hata mbwa hukimbilia nyuma ya nyumba. Kasi ndiyo inayozidisha vumbi. Tuta moja kila upande wa kijiji lingepunguza kazi ya mama zetu wengi, na ombi la tuta halihitaji mabilioni.

Miti nayo? Ndiyo, lakini tuwe macho. Mathenge aliletwa nchi hii katika miaka ya 1970 na 1980 kwa sababu hiyo hiyo, kuzuia jangwa na vumbi, na leo mmemwona alivyo. Kule Baringo wananchi waliishtaki serikali kwa ajili yake, na mwaka 2006 walikuja mahakamani Nairobi na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mti wa kukinga upepo tunao wa kwetu. Mswaki haukosi majani hata kiangazi, nao huota kichaka kizito. Ipo pia ile miti ya ubani ambayo ukichomeka tawi lake ardhini huchipuka lenyewe likawa ua hai. Ukuta wa mawe husimamisha upepo ukaruka juu na kuangukia uani; ua wa matawi huuchuja ukapita umechoka. Kwa nini basi tunakata matawi ya mgunga kila mwaka kujenga ua mkavu unaooza?

Nimeacha sakafu mwisho kwa sababu ndiyo tumaini langu kubwa. Nyumba yenye sakafu ya udongo uliolegea hutoa vumbi hata ikiwa imefungwa. Kila hatua ya mguu ni kinu. Saruji ni dawa nzuri, lakini gharama yake na gari la kuileta kutoka Isiolo si mchezo. Bibi zetu walikuwa na samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo mfinyanzi, ikapakwa kwa mkono ikashika kama ngozi. Ikirudiwa kila baada ya wiki chache, vumbi hupungua sana. Nchini Rwanda, tangu miaka ya 2010, shirika liitwalo EarthEnable limekuwa likiwatengenezea watu sakafu za udongo na changarawe zilizoshindiliwa mpaka zikawa ngumu, kisha zikapakwa mafuta yanayokauka na kugeuka gamba lisilopenya maji. Bei yake ni ndogo kuliko saruji, na sakafu hiyo hupigwa deki kama ya hospitali. Changarawe tunayo, mfinyanzi tunao, nguvu za kushindilia tunazo. Mafuta ndiyo ya kutafuta. Mwalimu wa kemia, kama unasoma ukurasa huu, jambo hili si lingefaa kuwa kazi ya klabu ya sayansi mwaka huu?

Nyumbani kwetu tumeanza na kidogo. Mtoto hutolewa nje kabla ya kufagia na haingii mpaka chai ishanywewa kivulini. Mkeka haukung'utwi mlangoni tena. Dada yangu huupeleka upande wa magharibi wa nyumba akausimamia mgongo wa upepo. Vyombo vya maziwa vimerudishiwa vifuniko vyake vya zamani, na mtungi wa maji una kitambaa. Mimi na binamu yangu tumemwaga toroli kumi na moja za changarawe mbele ya mlango. Akko alikaa kwenye kigoda akitazama kazi ile bila kusema lolote, kisha jioni akatuuliza kama tutafika upande wake pia, maana yeye anaishi nyumba ya pili. Tutafika Agosti.

Kuhusu shule, muhula uliopita nilimwendea mwalimu wa zamu na ombi moja tu. Ule ukanda ulio kati ya bweni na darasa la Kidato cha Kwanza uachwe bila kufagiwa kwa muhula mmoja. Takataka tuziokote kwa mkono, nyasi ziachwe ziote, kisha tuone madawati ya darasa lile yatakuwaje asubuhi. Tukiona ni upuuzi, ufagio upo, haujafa. Mwalimu alicheka, akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, viatu vyenyewe vikiwa vyeupe kwa vumbi la asubuhi ile, akasema, "Wewe ni mvivu wa kufagia au mwanasayansi? Nenda kaandike gazetini tuone wenzako watasema nini."

Nimeandika.